Chokaa au saruji? Kuziba upya viungo vya kanisa la mawe la enzi ya Victoria kwenye vijiji vya migodi

Kanisa la parokia lililojengwa zama za Malkia Victoria kwa ajili ya wachimba migodi lina mambo yake. Lilijengwa kwa fedha za kuungaunga, kwa mawe ya jirani, ndani ya moshi, na juu ya ardhi ambayo watu walikuwa wakiichimba chini kwa chini. Makanisa ya Church of England, yaani Kanisa Anglikana la Uingereza, hukaguliwa na msanifu au mpima majengo kila baada ya miaka 5, utaratibu ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1955. Katika makanisa ya namna hii ripoti hurudi na mstari mmoja unaowanyima usingizi wazee wa kanisa: viungo vya kuta, yaani nafasi za mota kati ya jiwe na jiwe, vimekwisha, vizibwe upya.

Kwa mota gani? Hapo ndipo ubishi huanzia. Mkandarasi anataka saruji kwa sababu anaijua na inashika kesho yake. Msanifu anataka chokaa. Muuza vifaa naye ana mifuko ya chokaa haidroliki, ile inayogandia hata penye maji na kuandikwa NHL mifukoni, na kwake hiyo ni dawa ya kila ugonjwa. Hapa tunaweka aina nne mezani: chokaa ya uji, chokaa inayozimwa ndani ya mchanga (kuzima ni kuitia maji chokaa iliyochomwa), chokaa haidroliki, na saruji. Tunazipima kwa makanisa ya namna mbili, ya graniti huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, na ya mawe ya mchanga kwenye mabonde ya makaa ya mawe kusini mwa Wales, kwa sababu jibu la Cornwall silo jibu la Wales.

Msimamo wetu tuutoe mapema. Saruji tupu isiguse kuta hizi. Kazi iliyobaki, na ndiyo ngumu, ni kuchagua chokaa ipi iende ukuta upi.

Jambo moja la fedha kwanza. Bei ya mota ni sehemu ndogo ya bili. Kinachokula fedha ni jukwaa la kupandia mafundi na siku zao za kazi. Anayechagua mfuko wa bei nafuu anaokoa senti mahali pasipo na gharama, kisha baada ya miaka 20 analipia jukwaa lilelile mara ya pili.

Mawe mawili, shida mbili

Chukua kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, Pendeen, karibu na ncha ya magharibi ya Cornwall, nchi ya stani na shaba. Parokia iliundwa mwaka 1846. Kasisi wake, Robert Aitken, alilichora mwenyewe akiiga kanisa la abasia ya kisiwa cha Iona huko Scotland, na wachimbaji wa hapo kijijini wakalijenga kwa mikono yao kwa graniti, likamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1850. Ni jengo zito, halina mapambo mengi, na limejengwa na watu waliozoea jiwe tangu utotoni.

Graniti hainywi maji. Mvua ya Atlantiki ikipiga ukuta wa kusini-magharibi, maji yote huteremka usoni mwa jiwe mpaka yakute kiungo. Kiungo ndicho mlango wa maji kuingia na ndicho mlango wake wa kutokea, hakuna mwingine. Sasa ziba mlango huo kwa saruji. Saruji ikikauka husinyaa, na kwa kuwa graniti haifyonzi kitu, mota haipati pa kung'ang'ania. Hujitenga na jiwe kwa ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta, lakini kuyatoa hauwezi, maana uso wote uliobaki umezibwa kwa kitu kisichopumua.

Ukitaka kuuona ugonjwa huu, nenda siku ya pili baada ya mvua. Mawe yamekauka, mota nayo imekauka, ila pembeni mwa kila kiungo kuna mstari wa giza wenye upana wa penseli. Huo ni unyevu unaojaribu kurudi nje. Ingia ndani, chini ya dirisha la upande uleule: rangi imefura, plasta inatoa unga mweupe wa chumvi. Ukuta wa unene wa sentimita 60 au 70 kwa kawaida ni kuta mbili za mawe zenye kifusi na mota hafifu katikati. Maji yakikaa humo miaka 40 huiosha mota ile, na mapengo huanza. Gonga jiwe kwa nyundo ndogo usikie. Mlio wa kengele ni ukuta mzima, mlio wa ngoma ni pango, na pango haliponi kwa kuziba viungo. Linahitaji kumiminiwa chokaa nyepesi ya maji kwa mipira kuanzia chini kwenda juu, si zaidi ya mita moja kwa siku, la sivyo uzito wa maji unaweza kuusukuma ukuta nje.

Wales kusini ni habari nyingine. Kwenye mabonde ya makaa, mjengo wa kawaida ni ukuta wa jiwe la Pennant, jiwe la mchanga gumu la kijivu lenye kutu kidogo, pamoja na jiwe la Bath kwenye kona, matao na nakshi za madirisha. Pontypridd, kwa kanisa la Mtakatifu Catherine lililosanifiwa na John Norton miaka ya 1860, ni mji mzuri wa kuanzia kwa anayetaka kuyajua makanisa ya mabonde haya. Pennant ni ngumu kama chuma. Jiwe la Bath ni jiwe la chokaa, laini kiasi cha kukatika kwa msumeno likiwa bado bichi kutoka machimboni. Nguvu yake huanzia kama niutani 10 kwa milimita ya mraba, huku graniti ikipita 100 bila shida.

Jiwe la Bath likizungukwa na saruji, unyevu unaotaka kutoka hauwezi kupita kwenye kiungo, kwa hiyo hupita kwenye jiwe. Huko huacha chumvi, chumvi hugeuka fuwele na kupanuka, na uso wa jiwe humeguka punje kwa punje. Miaka 30 baadaye unaona kitu cha kuhuzunisha: viungo vya saruji vimesimama vizima, vimechomoza kama kuta za sega la nyuki, na mawe ndani yake yamerudi nyuma sentimita 2 au 3. Mota imebaki, jiwe limekwenda. Mota inapaswa kuwa kitu cha kufa kwanza, kwa sababu kiungo huzibwa upya kwa siku moja, lakini jiwe lililochongwa mwaka 1868 halizibwi.

Ardhi iliyochimbwa: hapa Cornwall na Wales huachana

Watu husema kwa jumla kwamba ardhi ya migodi inahitaji mota laini. Ni kweli nusu.

Makaa ya mawe hulala kama mkeka, tabaka juu ya tabaka. Ukitoa tabaka, dari la mgodi huanguka nyuma yako na ardhi ya juu hubonyea kama sahani. Jengo lililo pembeni mwa sahani huvutwa kwanza, kisha uchimbaji ukipita chini yake hubanwa. Kuta hupasuka penye udhaifu, yaani juu ya matao ya madirisha, na mahali mnara unapokutana na ukumbi mkuu, kwa kuwa mnara ni mzito na hutitia peke yake. Mota ya chokaa huugawa mwendo huo kwenye viungo mia, kila kimoja kikila sehemu ndogo isiyoonekana. Na nyufa ndogo za chokaa hujiziba kiasi, maana maji huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha ndani ya ufa. Saruji hushikilia, hushikilia, halafu huachia mahali pamoja, na ufa hupita katikati ya mawe kama kisu. Pale mnara unapogusana na ukumbi, usiweke kitu kigumu kabisa. Ule ufa wa wima unaowaudhi wazee wa kanisa ni bawaba, na una kazi yake.

Stani na shaba za Cornwall hukaa kwenye mishipa inayosimama karibu wima. Ardhi ya juu haibonyei kwa upana. Hatari yake ni shimo la zamani lililofunikwa kwa magogo na udongo, ambalo siku moja hufunguka. Hakuna mota inayozuia shimo. Anayewaambia watu wa Cornwall wanunue chokaa kwa sababu ya migodi anatumia hoja isiyo yao; hoja yao ni maji. Badala yake waangalie ramani za mashimo kabla ya kusimamisha jukwaa zito uwanjani.

Kisheria pia kuna tofauti. Jengo likiharibiwa na mgodi wa makaa, sheria ya mwaka 1991 inaruhusu kudai matengenezo au fidia. Notisi ipelekwe ndani ya miaka 6 tangu uharibifu ulipojulikana, na kwa migodi mingi inayoshughulika na madai hayo ni Mining Remediation Authority, ambayo hadi mwishoni mwa 2024 iliitwa Coal Authority. Mfumo huo ni wa makaa tu, stani haimo. Kwa hiyo kama kanisa lako liko bondeni Wales na nyufa ni mpya, usizibe kwanza. Bandika vipimo vya plastiki juu ya nyufa, soma kila mwezi, piga picha yenye tarehe, na ungoje miezi 12 kamili, maana nyufa hupumua na majira. Ukiziba mapema umefuta ushahidi wako kwa mkono wako mwenyewe.

Moshi, majivu na kifusi

Karne ya moshi wa makaa imeacha kitu ndani ya kuta hizi. Salfa ya moshi hugeuza uso wa chokaa kuwa jasi. Mvua inapopiga, jasi huoshwa. Chini ya vikingo na matao ambako mvua haifiki, jasi hushika masizi na kuwa gamba jeusi. Ukuta huo tayari una salfeti, maana jasi ni chumvi ya salfa. Saruji ya kawaida ikikutana na salfeti, maji na baridi, huvimba, na kwa bahati mbaya zaidi hugeuka uji mweupe unaokunika kwa kucha.

Waashi wa mabonde ya makaa pia walichanganya majivu ya mgodini kwenye chokaa, ndiyo maana mota zao za asili ni nyeusi au kijivu kizito. Majivu yalisaidia chokaa kushika. Usiwaige kwa majivu mapya, kwani hujui yana salfeti kiasi gani. Rangi tafuta kwenye mchanga mweusi au unga wa sleti. Lakini rangi usiipuuze: ukuta wa Pennant uliozibwa kwa mota ya rangi ya maziwa huonekana umevalishwa wavu wa samaki.

Cornwall wana onyo lao wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, nyumba nyingi zilijengwa kwa matofali ya zege yaliyotiwa kifusi cha migodi. Kifusi kilikuwa na pairiti, madini ya chuma na salfa. Pairiti ikipata hewa na unyevu hutoa asidi na salfeti, na zege huoza kutoka ndani. Wenyeji huliita tatizo hilo "mundic", na hadi leo benki hazikopeshi juu ya nyumba kama hizo bila kipimo cha maabara. Kwa hiyo mchanga wa bure kutoka lundo la mgodi jirani usiingie kwenye mota, hata kama mababu waliutumia. Lundo hilo hilo mara nyingi lina aseniki, ambayo ni sumu, na fundi anayekwangua viungo vya zamani karibu na migodi ya Cornwall avae barakoa ya vumbi ya kweli, si kitambaa.

Mota nne zikiwa mezani

| | Uwiano kwa ujazo | Nguvu, niutani kwa mm² | Mwezi wa mwisho wa kuzibia | Inafaa wapi |
|---|---|---|---|---|
| Chokaa ya uji | 1 uji : 3 mchanga | karibu 1 | Agosti | Jiwe la Bath, ndani, penye kinga |
| Chokaa ya kuzimia mchangani | 1 isiyozimwa : 3 mchanga | karibu 1 | Septemba | Graniti na Pennant, viungo vipana |
| Haidroliki NHL 3.5 | 1 : 2.5 | 3.5 hadi 10 | katikati ya Oktoba | Minara, vichwa vya kuta, pande za mvua |
| Saruji | 1 : 3 | 12 na kuendelea | Novemba | Si kwenye kuta hizi |

Chokaa ya uji ndiyo laini kuliko zote. Ni chokaa iliyozimwa kwenye maji mengi na kukaa miezi kadhaa, ikawa kama jibini. Haigandi kwa maji, hugandishwa na hewa, na hewa huingia polepole, karibu milimita 1 kwa mwezi hali ikiwa nzuri. Kiungo cha kina cha milimita 30 hakiwezi kumalizika kabla ya baridi kali. Ikikutwa na barafu ikiwa bichi, huvimba na kudondoka kwa vipande vya bapa kama magamba ya kitunguu. Kwenye ukuta unaotazama Atlantiki ni kamari. Kwenye nakshi ya dirisha la jiwe la Bath, ambako viungo ni vya milimita 3 au 4, hakuna inayoishinda. Hapo tumia mchanga uliochekechwa laini sana au unga wa jiwe lenyewe.

Chokaa ya kuzimia mchangani ndiyo ya asili zaidi, na ni aibu kwamba ilisahauliwa karne nzima. Unachukua chokaa iliyochomwa lakini haijazimwa, unaifunika kwa mchanga wenye unyevu, na inazimika humohumo kwa moto mkali wa kuchemsha maji. Chokaa hiyo huvimba karibu mara mbili, kwa hiyo 1:3 kwenye ndoo huwa kama 1:1.5 kwenye mwiko. Ni mota nono, inanata hata kwenye graniti, na hustahimili barafu kuliko ya uji. Kasoro zake ni mbili. Punje isiyozimika vizuri huvimba ndani ya kiungo wiki kadhaa baadaye na kurusha kipande, kwa hiyo iache ilale angalau usiku mzima kabla ya kuzibia. Na inaunguza: miwani ya kufunika macho pande zote, glavu, na chupa ya maji ya kuoshea macho iwe juu ya jukwaa, si garini.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atatambua haraka chokaa hii ni jamaa wa ile ya matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu, iliyojenga Lamu na Mji Mkongwe. Kemia ni ileile. Kinachobadilika ni hali ya hewa: Pendeen hakuna jua la kukausha ukuta baada ya masika.

Chokaa haidroliki hutokana na jiwe la chokaa lenye udongo wa mfinyanzi ndani yake, na hushika kwa maji kwanza, kisha kwa hewa. Wales si mgeni wake. Chokaa ya Aberthaw, pwani ya Glamorgan, ilijulikana kwa sifa hiyo tangu mhandisi John Smeaton alipoifanyia majaribio wakati wa mnara wa taa wa Eddystone, uliomalizika mwaka 1759. Makanisa mengi ya mabonde huenda yalijengwa kwa chokaa ya aina hiyo, na kipande cha mota ya zamani kikipelekwa maabara kitasema.

Tatizo ni namba za mfukoni. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu NHL 2 kuwa na nguvu ya 2 hadi 7 baada ya siku 28, NHL 3.5 kuwa 3.5 hadi 10, na NHL 5 kuwa 5 hadi 15. Angalia zinavyopandiana: mfuko wa 2 unaweza kuwa na nguvu kuliko mfuko wa 5. Tena nguvu haiishii siku ya 28, huendelea kupanda mwaka mzima. Usinunue kwa namba. Mwombe mtengenezaji matokeo ya vipimo vya siku 91 na zaidi, na NHL 5 iache kwa misingi na kazi za majini. Tumeshaona kuta za NHL 5 zenye nyufa za kando zilezile za saruji.

Na saruji? Joseph Aspdin alipata hati ya uvumbuzi wa saruji ya Portland mwaka 1824, kwa hiyo watu wa enzi ya Victoria walikuwa nayo. Askofu Edward Steere aliitumia pamoja na matumbawe yaliyopondwa kuezekea kuba la kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, lililoanza kujengwa mwaka 1873. Kuba ni zege la mkupuo, kazi tofauti kabisa na kiungo cha sentimita moja na nusu kati ya mawe yanayohitaji kupumua. Mkandarasi mjanja atakuletea saruji, chokaa na mchanga kwa 1:1:6 na kusema nguvu yake ni 4 tu, sawa na NHL. Kwa namba ana haki. Lakini ubishi hauhusu nguvu peke yake. Mchanganyiko wake bado hupitisha mvuke kidogo kuliko chokaa, na bado huleta kitu cha kupigana na salfeti ya moshi ule wa zamani. Kataa.

Basi uchague hivi

Ukuta wa graniti unaopigwa na mvua: chokaa ya kuzimia mchangani kama kuna fundi anayeijua kweli, kama hayupo, NHL 3.5 yenye matokeo ya vipimo yaliyo upande wa chini. Fundi asiyeijua chokaa ya kuzimia mchangani atakuachia punje zinazoruka na jicho lililoungua, na hapo NHL ni chaguo la hekima, si la woga. Pennant ya kawaida: mojawapo ya hizo mbili, ya rangi nyeusi. Jiwe la Bath: chokaa ya uji, au NHL 2 pale tu penye mvua nyingi. Kwenye ukuta wenye mawe yote mawili tumia mota mbili. Mafundi watanung'unika kwa ndoo mbili, wavumilie. Kichwa cha mnara, mabomba ya moshi na mawe ya kufunika kuta: NHL 3.5 hata Cornwall, kwa kuwa huko juu pananyeshewa pande zote.

Ndani ya kanisa hakuna hoja. Chokaa ya uji.

Vipimo na utekelezaji

Hesabu ya mota haina uchawi. Ukuta wa mawe yasiyo sawa una kama mita 8 za kiungo kwa kila mita ya mraba. Kiungo kikiwa na upana wa milimita 15 na kina cha 30, hiyo ni lita 3.6, ongeza robo kwa upotevu, ni lita 4.5. Ukuta wa mita 60 za mraba unataka lita 270. Chokaa hujaza nafasi kati ya punje za mchanga, kwa hiyo ujazo wa mota ni karibu sawa na ujazo wa mchanga. Kwa NHL 3.5 ya 1:2.5 ni lita 270 za mchanga na lita 108 za chokaa, karibu kilo 70, yaani mifuko 3 ya kilo 25. Pima kwa ndoo, usipime kwa sepetu: chokaa ni nyepesi, na sepetu iliyorundikwa hukudanganya.

Mchanga uwe mkali, wenye punje za ukubwa mbalimbali kuanzia milimita 4 kushuka, uliooshwa. Mchanga laini wa kujengea matofali husinyaa na kupasuka, na hili ndilo kosa tunalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote, hata kwa watu walionunua chokaa ya bei kubwa.

Toa mota ya zamani kwa tindo jembamba na nyundo, kina mara mbili ya upana wa kiungo na si chini ya milimita 25. Mashine ya kukatia isiguse viungo vyembamba: ikiteleza mara moja, mkwaruzo kwenye jiwe la Bath haufutiki. Kama saruji ya miaka ya 1970 inatoka na ngozi ya jiwe, iache hapo. Iliyopasuka itatoka yenyewe, inayong'ang'ania itakudai jiwe.

Osha kiungo, kilowane tangu jana yake, na asubuhi kilowanishe tena. Kiwe na unyevu bila maji yanayong'aa. Sindilia mota kwa chuma chembamba kinachoingia ndani ya kiungo, si kwa mwiko wa plasta, tena kwa tabaka zisizozidi milimita 20. Pengo kubwa lijaze kwa vijiwe kwanza. Mota nyingi mahali pamoja hupasuka. Usifunike kingo za mawe. Mota ikifika kiasi kwamba kidole gumba kinaacha alama bila kuzama, ipige kwa ncha za brashi ngumu. Kupiga huko huziba vinyufa vya kwanza na kuacha uso wenye punje wazi unaotoa unyevu haraka. Uso uliolainishwa kwa chuma hujifunga ngozi, na chini ya ngozi hiyo chokaa haipati hewa.

Kisha funika kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa, yakining'inia sentimita chache mbele ya ukuta, siku 7 kwa NHL na wiki 3 au 4 kwa chokaa ya uji, ukinyunyiza maji asubuhi na jioni. Upepo ndio adui kuliko jua. Usifanye kazi chini ya nyuzi 5, wala kama barafu inatarajiwa ndani ya wiki mbili. Ikiwa mota inakauka na kuwa nyeupe ndani ya siku mbili, haijaganda. Imekufa kwa kiu, na itakunika kama chaki.

Kabla ya yote hayo, kazi za kuta zinahitaji idhini ya dayosisi, iwe Church of England au Church in Wales, na maombi hukwama kwa kukosa mambo mawili: matokeo ya maabara ya mota ya asili, na sampuli ya ukutani. Kwa maabara, chukua vipande viwili au vitatu vya ukubwa wa kidole gumba kutoka kina kisichopungua sentimita 5, mahali mvua haijafika. Kwa sampuli, ziba mita moja ya mraba upande wa kaskazini kwa kila mchanganyiko unaoufikiria, uandike tarehe kwenye kibao, na uiache ipite majira ya baridi. Mwezi wa Aprili ipitishie ukucha na uitazame kwa kioo cha kukuzia pembeni mwa kiungo, palepale mota inapokutana na jiwe. Ambayo haina ule mstari wa giza ndiyo ya kuagiza.